Ndubwi Tangini: Namna ya Kumfuga Mtoto wa Chura Nyumbani na Suala la Jina Lake

Utangulizi

Mvua za masika zinapoanza mwezi wa Machi, na zile za vuli mwezi wa Oktoba, mitaro na madimbwi ya nchi yetu hujaa sauti za vyura. Mswahili amezitolea sauti hizo methali: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hii ina hekima yake, lakini imetuzoesha pia kumtazama chura kama kiumbe wa makelele tu, asiye na jingine la kuangaliwa. Katika ngano na methali zetu chura hutajwa kwa sauti yake na kwa sura yake. Ni nadra kutajwa kwa maisha yake.

Hata hivyo, siku chache baada ya kelele hizo, madimbwi yale yale huchemka viumbe vidogo vyeusi vyenye mikia. Watoto huwachota kwa mikebe na chupa, wakawapeleka nyumbani kwa furaha kubwa. Aghalabu viumbe hao hufa kabla ya siku ya tatu. Hufa kwa maji yenye dawa, kwa joto la jua, kwa msongamano au kwa chakula kilichooza. Kwa ufupi, hufa kwa sababu aliyewachota hakupata mtu wa kumweleza mahitaji yao kwa lugha anayoielewa.

Makala hii inadhamiria kutekeleza mambo mawili. Kwanza, itaeleza hatua kwa hatua namna ya kuandaa tangi nyumbani na kumtunza mtoto wa chura mpaka awe chura kamili. Pili, itaonyesha kwamba jina tunalompa kiumbe huyu lina uzito katika utunzaji wenyewe. Asiyemtenganisha mtoto wa chura na mtoto wa mbu kwa jina huenda asiwatenganishe tangini pia, na mwishowe akafuga mbu sebuleni mwake akidhani anafuga vyura.

Kiluwiluwi au Ndubwi?

Neno kiluwiluwi limezoeleka sana nchini Kenya. Mwalimu wa shule ya msingi hulitumia kwa mtoto wa chura anapofundisha makuzi ya wanyama. Afisa wa afya naye hulitumia kwa mtoto wa mbu anapowahimiza wanakijiji kufukia madimbwi. Si vigumu kuona chanzo cha mwingiliano huu. Viumbe hawa wote wawili hutoka katika mayai yaliyotagwa majini, wote hubadilika umbo kabla ya kukomaa, na wote hujinyonganyonga wanapokwenda. Urudufu uliomo katika neno lenyewe humjia msikilizaji kama picha ya mwendo huo wa kujipindapinda.

Kiswahili hakikosi neno la kuwatenganisha. Neno ndubwi limo kamusini kwa maana ya mtoto wa chura, ingawa wanafunzi wengi hulikuta kwa mara ya kwanza wanapolitafuta. Katika makala hii, ndubwi litatumika kwa mtoto wa chura na kiluwiluwi kwa mtoto wa mbu. Kisarufi, maneno haya yanatupa mfano mzuri wa darasani. Chura/vyura na kiluwiluwi/viluwiluwi yana viambishi vya KI-VI, lakini upatanisho wake katika sentensi ni wa A-WA, kwa kuwa yanataja viumbe wenye uhai. Ndubwi halibadiliki umbo katika wingi, nalo pia huchukua upatanisho wa A-WA: ndubwi huyu, ndubwi hawa.

Tofauti ya majini ni bayana kwa anayetazama kwa makini. Kichwa na kiwiliwili cha ndubwi vimeungana vikawa kama tone la maji, na nyuma yake kuna mkia mpana wenye utando mwembamba juu na chini. Yeye huzunguka chini ya maji akikwangua mawe na majani. Ndubwi wa aina nyingi hupanda juu mara mojamoja, wakameza hewa na kurudi chini. Kiluwiluwi, kwa upande mwingine, ni mwembamba, ana mwili wa pingili wenye vinyweleo, na makazi yake ni kwenye uso wa maji anakopumua kwa sehemu yake ya nyuma. Akishtuliwa huzama kwa kujikunjakunja, kisha hupanda tena. Kiluwiluwi wa mbu aina ya kuleksi huning'inia kwa mshazari, kichwa chini. Yule wa anofelesi, jamii ya mbu wanaoeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Anayefuga ndubwi hana budi kuijua tofauti hii tangu siku ya kwanza.

Ndubwi na Mageuzi Yake

Huwezi kumtunza kiumbe usiyejua anaelekea wapi. Mayai ya chura hayana gamba. Yamefunikwa na ute unaovimba yanapoingia majini. Vyura wa aina mbalimbali hutaga kwa namna mbalimbali. Yule wa ngozi kavu yenye vinundu, anayeonekana sana katika bustani zetu na ambaye wanasayansi humwita Sclerophrys gutturalis, hutaga mayai meusi yaliyopangika katika nyuzi ndefu za ute kama shanga. Wengine hutaga mafungu, na wengine yai mojamoja kwenye majani ya majini. Wapo pia vyura wa mitini wa jamii ya Chiromantis ambao hutengeneza povu jeupe kwenye tawi lililo juu ya maji, wakataga humo. Ndubwi wao wakishaanguliwa hudondoka majini.

Katika maji yenye uvuguvugu, mayai ya vyura wengi huanguliwa baada ya siku chache tu. Siku za mwanzo ndubwi hujishikiza kwenye jani au ute na kutulia. Mdomo wake haujakamilika. Anaishi kwa akiba ya kiini cha yai. Wakati huu mashavu yake ya kupumulia huonekana nje, pande mbili za kichwa, kama vishada vidogo. Baadaye ngozi huyafunika, naye huanza kuogelea na kula. Ndubwi wa vyura wengi wana mdomo mgumu kama wa ndege, na safu za vijino vidogo sana ambavyo si vya mfupa bali ni vya kitu kama kucha. Kwa vijino hivyo hukwangua mwani. Ukimtazama kwa chini, utaona utumbo wake mrefu umeviringwa tumboni kama kamba. Huo ni utumbo wa mla majani. Atakapokuwa chura, mla wadudu, utumbo huo utafupika.

Miguu ya nyuma ndiyo hutangulia kuonekana. Ya mbele hukua ikiwa imefichika chini ya ngozi, kisha hutokeza kwa ghafla. Baada ya hapo mkia huanza kunywea. Ni kosa kudhani kwamba mkia hukatika na kuanguka. Mwili huuyeyusha na kuutumia. Yanayoendesha kazi hii yote ni maji ya tezi ya thairoidi, yaani homoni. Mnamo mwaka 1912, mtafiti J. F. Gudernatsch alieleza jinsi alivyowalisha ndubwi tezi ya thairoidi ya farasi, nao wakageuka vyura wadogo mno kabla ya wakati wao. Kutokana na ugunduzi huo, ndubwi aliingia katika historia ya elimu ya homoni.

Muda wa safari hii hutegemea aina ya chura, joto la maji na chakula. Kwa vyura wengi wa madimbwi ya mvua, huchukua takriban mwezi mmoja hadi mitatu. Dimbwi linaloelekea kukauka halimpi ndubwi nafasi ya kukawia.

Kuandaa Tangi

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba tangi hutangulia na ndubwi hufuata. Liandae siku tatu kabla ya kwenda dimbwini.

Si lazima tangi liwe la kioo la kununuliwa dukani. Beseni pana la plastiki la lita 20 linatosha kabisa kwa mwanafunzi anayeishi katika chumba kimoja. Upana ni bora kuliko kina, kwa kuwa hewa ya oksijeni huingia majini kupitia uso wa maji. Chupa ndefu yenye shingo nyembamba, ambayo ndiyo watoto hupenda kuitumia, ni chombo kibaya kuliko vyote. Kina cha sentimita 15 kinafaa. Epuka vyombo vya shaba, kwa maana madini hayo huwa sumu kwa ndubwi, na epuka chombo kilichowahi kuwekwa sabuni ya unga, dawa ya kuulia wadudu au rangi. Chombo kipya kisuguliwe kwa maji moto pasipo sabuni, kisha kisuuzwe mara kadhaa.

Chini ya tangi tandaza mawe madogo ya mtoni yaliyooshwa vizuri. Upande mmoja panga mawe makubwa zaidi yakifanya mteremko kutoka chini hadi juu ya maji. Umuhimu wake utaonekana baadaye. Ongeza mmea wa majini mmoja au miwili. Mimea hiyo humpa ndubwi kivuli, chakula na mahali pa kujificha. Ikaguliwe jani kwa jani kabla ya kuwekwa, maana mtoto wa kereng'ende, anayeishi majini kabla ya kuota mabawa, hupenda kujificha humo na ni mwindaji mkali wa ndubwi. Mmoja tu anaweza kumaliza tangi zima.

Tangi lisiwekwe penye jua kali. Beseni dogo likipigwa na jua la adhuhuri hupata joto upesi, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Mahali penye mwanga wa asubuhi ndipo panapofaa, kwani mwanga wa kiasi huotesha mwani wa kijani kwenye kuta za tangi, nao ni chakula. Joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi linawafaa ndubwi wengi. Katika sehemu kubwa ya nyanda zetu za juu, joto la kawaida la chumba hutosha. Huhitaji mashine yoyote. Anayeishi Mombasa au Kisumu atafute kona yenye baridi zaidi nyumbani mwake.

Maji

Watu wengi hudhani kwamba maji safi ya kunywa ndiyo bora kwa ndubwi. Maji ya mfereji hutiwa klorini ili kuua viini, na dawa hiyo hiyo huunguza ngozi na mashavu ya ndubwi. Yateke katika ndoo pana isiyofunikwa, uyaache kwa muda wa saa 24 hadi 48 ili klorini itoke. Kuyachemsha na kuyapoza husaidia pia, ila maji yaliyochemshwa hupoteza hewa, kwa hiyo yamimine kutoka chombo kimoja hadi kingine mara kadhaa kabla ya kuyatumia. Maji ya mvua ni mazuri mradi yasiwe ya mvua ya kwanza, ambayo huosha vumbi na kinyesi cha ndege kilichojikusanya juu ya mabati.

Maji ya dimbwi walikotolewa ndubwi ndiyo wanayoyafahamu. Chota kiasi, uyachanganye na yale uliyoyaandaa, robo kwa robo tatu. Unapowaleta ndubwi, usiwamimine kwa ghafla. Waache katika chombo chao kikielea ndani ya tangi kwa nusu saa hivi ili joto la maji lilingane, kisha uongeze maji ya tangi kidogo kidogo kabla ya kuwaachilia.

Idadi nayo izingatiwe. Kipimo rahisi cha kukumbuka ni ndubwi mmoja kwa lita moja ya maji. Katika beseni la lita 20 weka 15 hivi, wala usizidishe. Wakisongamana, ukuaji wao huzorota, maji huchafuka upesi, na baadhi ya aina huanza kulana. Anayechota mia moja kwa matumaini ya kubaki na kumi hajafuga; ameua tisini.

Chakula

Mwani ulioota tangini ndio chakula cha kwanza. Ukipungua, mpe ndubwi majani ya letasi au sukuma wiki yaliyochemshwa hadi yakalainika, yakapozwa, kisha yakakatwakatwa. Jani bichi ni gumu kwa vijino vyake. Mchicha na spinachi visiwe chakula cha kila siku, kwa kuwa vina tindikali inayoweza kuleta vijiwe vya figo kwa jamii ya chura. Mara moja kwa wiki, hasa miguu ya nyuma inapoanza kuonekana, ongeza chembe ya kiini cha yai lililochemshwa au chakula cha samaki wa tangini kilichosagwa.

Kiasi ni muhimu kuliko aina. Weka kile kitakachoisha kwa saa chache, kisha ondoa makombo. Chakula kinachooza, pamoja na kinyesi cha ndubwi wenyewe, hutoa amonia, nayo ni sumu isiyoonekana kwa macho. Mkate, ambao watoto hupenda kuutumia, uepukwe kabisa, maana huyeyuka na kuyachachusha maji.

Kuna ndubwi mmoja asiyefuata kanuni hizi. Ni yule wa chura wa kucha, jamii ya Xenopus, anayepatikana katika mabwawa na visima vya sehemu nyingi za Kenya. Ndubwi huyu ni mwangavu hata viungo vya ndani huonekana, ana masharubu mawili mdomoni, na hupenda kuelea kichwa kikiwa chini huku mkia ukitikisika. Hana vijino vya kukwangulia; huchuja chembe ndogo zilizomo majini. Ukimtilia jani la sukuma wiki atakufa njaa akilitazama. Yeye apewe chakula kilichosagwa kikawa unga laini na kukorogwa majini.

Utunzaji wa Kila Siku na Adui Aitwaye Mbu

Kila siku ya pili au ya tatu, badilisha thuluthi moja ya maji. Tumia kikombe au mpira mwembamba kuvuta maji ya chini palipo na uchafu, kisha jaza maji yaliyotulizwa yenye joto sawa na yaliyomo. Kubadilisha maji yote kwa siku moja humshtua ndubwi na huondoa vijidudu vyema vinavyosaidia kuvunja amonia. Ukiona ndubwi wote wamejazana juu wakitwetatweta, elewa kwamba oksijeni imepungua au maji yamechafuka; badilisha maji mara moja, wala usingoje ratiba.

Mikono ioshwe kabla na baada. Kabla, kwa sababu ngozi ya ndubwi hupenyeza vitu kwa urahisi, na mabaki ya sabuni, mafuta ya kujipaka au dawa ya mbu humdhuru. Kwa hiyo suuza mikono kwa maji mengi matupu. Baada, kwa sababu wanyama wa aina hii huweza kubeba bakteria wanaomdhuru binadamu. Dawa ya kupuliza ya kuulia mbu isitumike katika chumba chenye tangi.

Hapa ndipo suala la jina linapodai haki yake. Maji yaliyotulia ndani ya nyumba ni mwaliko kwa mbu. Mbu aina ya kuleksi hutaga mayai yaliyoshikana yakaelea kama kipande kidogo cha masizi. Katika hali ya joto, mayai huanguliwa kwa siku mbili hivi, na kwa muda wa wiki moja hadi mbili viluwiluwi wamekwisha kuwa mbu wanaoruka. Mzazi anayeambiwa na mtoto wake kwamba beseni lina "viluwiluwi wengi" ataitikia kwa furaha, akidhani ndubwi wamezaana. Ndubwi hawazaani. Ni watoto; idadi yao tangini haiwezi kuongezeka ila kwa kuletwa wengine au kwa mayai yaliyoingia pamoja na mimea. Idadi ikiongezeka yenyewe, na hasa viumbe hao wakiwa wananing'inia juu ya maji, hao ni mbu.

Usitegemee ndubwi wakumalizie kazi hiyo. Wengi wao ni wakwanguaji wa mwani, na imani kwamba beseni la ndubwi haliwezi kuzaa mbu ni imani ya hatari. Funika tangi kwa kipande cha chandarua kilichofungwa kwa mpira au kamba pande zote pasibaki pengo. Kila asubuhi kagua uso wa maji kwa tochi, na ukiona mayai au viluwiluwi waondoe kwa chujio la chai. Usitie mafuta ya taa wala dawa ya kuulia viluwiluwi, kwa kuwa ndubwi hawatasalimika. Katika maeneo yenye malaria nyingi, kama vile kandokando ya Ziwa Viktoria na pwani, yeyote asiyeweza kufanya ukaguzi huu kila siku na aache kufuga. Kichanga kilichomo katika nyumba hiyo kina haki kubwa kuliko burudani yetu.

Siku za Kuota Miguu

Miguu ya mbele inapotokeza, mfugaji anaingia katika siku ngumu kuliko zote. Ndubwi sasa anabadilisha mdomo. Vijino vinapukutika, taya pana la chura linajengwa, na kwa siku hizo hali chochote. Anaishi kwa mkia wake. Mfugaji asiyejua hili huingiwa na hofu, akaongeza chakula, nacho kikaoza na kumuua kiumbe aliyetaka kumwokoa.

Wakati huo huo kiumbe huyu anahamia kwenye kupumua kwa mapafu na ngozi. Asipopata mahali pa kutoka nje ya maji anaweza kuzama akafa. Sasa ndipo mteremko wa mawe unapofanya kazi yake. Punguza maji hadi kina cha sentimita tano hivi, uhakikishe mawe yamejitokeza na yana unyevu, na uimarishe kifuniko, kwa kuwa chura mdogo mwenye kipande cha mkia huweza kupanda ukuta wa beseni. Chura wa kucha peke yake hahitaji nchi kavu, kwa maana huishi majini maisha yake yote.

Kuwarudisha

Chura mdogo hula wadudu walio hai na wadogo mno, na ni vigumu kumlisha nyumbani. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa busara ni kumrudisha mara mkia unapomalizika. Arudishwe jioni, penye nyasi na unyevu, na iwe kando ya dimbwi lile lile alikotolewa. Sharti hili halina mjadala. Kuna kuvu anayeshambulia ngozi za vyura, aitwaye kitaalamu Batrachochytrium dendrobatidis, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1999, ambaye amechangia kutoweka kwa aina nyingi za vyura duniani. Katika ndubwi, hujikita kwenye vijino na mdomo. Kuvu huyu husafiri na maji na wanyama wanaohamishwa. Kwa hivyo ndubwi wa dimbwi moja wasichanganywe na wa jingine, waliougua tangini wasirudishwe, na maji ya tangi yamwagwe kwenye udongo mkavu ulio mbali na mto au bwawa.

Vilevile, nchini Kenya wanyama wa porini husimamiwa na Sheria ya Kuhifadhi na Kusimamia Wanyamapori ya mwaka 2013. Kabla ya kuchota ndubwi, hasa kwa mradi wa shule, ulizia kwanza ofisi ya Huduma ya Wanyamapori iliyo karibu. Katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa usichote kitu.

Mfano wa jirani unaonyesha tangi linaweza kuwa na uzito gani. Katika bonde la Kihansi nchini Tanzania waliishi vyura wadogo wa manjano, Nectophrynoides asperginis, waliotegemea manyunyu ya maporomoko ya maji. Vyura hao hawana hatua ya ndubwi. Mama huzaa watoto walio vyura tayari. Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko, idadi yao ilidhoofika. Mwaka 2000 takriban mia tano walipelekwa Marekani kutunzwa katika matangi. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wametoweka porini, na kuanzia mwaka 2012 wazawa wa wale waliohifadhiwa walianza kurejeshwa Kihansi. Kazi hiyo ilikuwa ya wataalamu, wala beseni la chumbani halilingani nayo. Hata hivyo, kanuni zao ni hizi hizi: maji sahihi, idadi inayodhibitiwa, usafi, na marejeo ya mahali pa asili.

Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba kumfuga ndubwi hakuhitaji gharama bali kunahitaji maarifa: chombo kipana, maji yaliyotulizwa, chakula kidogo, chandarua kilichofungwa barabara, mteremko wa mawe, na dimbwi la kurudi. Imeonyesha pia kwamba pale ambapo neno moja limebeba viumbe wawili, mmoja wa kutunzwa na mmoja wa kuangamizwa, utata huo haukomei katika karatasi ya mtihani.

Ninapendekeza mambo mawili kwa wanachama wenzangu na kwa walimu wetu. Kwanza, anayefuga ndubwi katika msimu ujao wa mvua aandike shajara kwa Kiswahili, siku kwa siku: tarehe ya kuanguliwa, joto la maji, siku ya mguu wa kwanza, siku ya mkia kumalizika. Atakapokwama kwa kukosa neno, aliandike pengo hilo, kwa kuwa orodha ya mapengo ni mtaji wa mwanaistilahi. Pili, kila mmoja wetu atakaporudi nyumbani likizoni, Lamu, Vanga, Siu au kwingineko, awaulize wazee wanamwitaje mtoto wa chura, na wanamwitaje mtoto wa mbu. Majibu hayo yaletwe chamani yakusanywe pamoja na jina la lahaja na la mahali. Huenda lahaja zetu zimekwisha kuwatenganisha viumbe hawa tangu zamani, na sisi tumekaa tukilizungusha neno moja kwa kutouliza.